Baraza Lililokaukiwa Ghubani

Hapo zamani za kale, wanangu, samaki walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, Papa ndiye aliyekuwa mkubwa wa bahari. Siku moja akatunga sera ya bahari nzima: majani yote ya ghubani yang'olewe, wakubwa wapate njia pana ya kupita.

Majani yale! Humo ndimo Kaa alimolea watoto wake arubaini, na jirani yake Tasi hakuwa na chakula kingine.

"Lakini mila inataka kila nyumba isikilizwe," Chewa, karani wa Papa, akamkumbusha.

"Itasikilizwa. Tangaza baraza huku vilindini. Asiyefika, amekubali."

Kaa aliposikia tangazo, moyo ulimpasuka. Vilindini angefikaje na vimiguu vile? Akakaa, akafikiri, kisha huyo, kwata kwata kwata, mpaka ukingoni mwa mwamba, Papa anapopitia.

"Shikamoo, Bwana Papa."

"Marahaba. Una nini, wewe?"

"Sisi hatuna ubishi, bwana. Ila wake zetu wanataka kukupikia, na mgeni hapelekewi sufuria vilindini. Lete baraza ghubani siku ya bamvua. Maji yatajaa mpaka ugeuke utakavyo."

Papa, mlafi yule, akameza mate. Akakubali.

Siku ikafika. Maji yakajaa hadi kwenye matawi ya mikoko. Papa, Chewa na mkubwa mwenzao Nguru wakaingia, wakala, wakashiba. Papa akasoma sera yake, akauliza, "Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo," akasema Kaa.

Sasa, mila yao ilikuwa hivi: mtu akisimama kusema, hakuna kuondoka barazani mpaka akae. Basi Kaa akasema! Akaanza na babu wa babu yake. Akaja kwa mtoto wa kwanza, alivyozaliwa, alivyougua surua. Akaja wa pili. Wakubwa wakasinzia kwa shibe. Kwa mtoto wa thelathini na saba, Papa akasikia mchanga tumboni: kwaruu!

"Chewa, maji yamekwenda wapi?"

Maji ya bamvua yakijaa sana, hupwa sana. Ghubani kila mtoto anajua. Wa vilindini hawakujua, maana hawakuwahi kumuuliza mtu. Limebaki dimbwi tu, na jua linamchoma Papa mgongoni.

"Kaa, ndugu yangu, nakufa."

"Pole, bwana. Tasi naye hajasema."

Tasi akasema. Jirani yao Kamba akasema. Papa akasikiliza kila neno, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwishowe akamwambia Chewa afute yote. Majani yakabaki, na sera ikatungwa upya palepale, kila nyumba ikitia neno lake.

Ndipo Kaa na wanawe arubaini wakachimba mfereji mpaka baharini, chaka chaka chaka, wakubwa wakateleza kwenda zao.

Tangu hapo baraza la bahari hukaa ghubani, na Papa kabla ya kuingia huuliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi.

Basi, wanangu, ukitaka kuwapangia watu maisha yao, wasikilize kabla hujakaukiwa.