Fundi Bado na Diski ya Mwalimu

Hii nimeipokea asubuhi kutoka kwa shemeji yangu, naye aliipata kwa jirani yake. Naipitisha nzima kama ilivyonifikia. Ukifika mwisho utajua kwa nini sikuthubutu kukata hata mstari mmoja.

Pale Mwanjelwa, Mbeya, palikuwa na mafundi wawili wa kunakili diski za gemu, zile za mashine za zamani zinazounganishwa na televisheni.

Wa kwanza aliitwa Lusajo. Mchangamfu, mwepesi wa mkono, hujamaliza kumsalimia ameshakupa kopi yako. Akikukabidhi alikuwa na neno lake moja: "Inacheza!" Na kweli, ilikuwa inacheza.

Wa pili aliitwa Ambakisye. Huyu aliisoma diski mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili, kisha akaiagiza kompyuta ilinganishe alichopata mara zote mbili, alama kwa alama. Zikipishana hata alama moja, anaanza upya. Ukipita kumuuliza, jibu ni "Bado." Kesho yake, "Bado." Watu wakamchoka, wakambandika jina la Fundi Bado. Nami nakiri, ningekuwa na diski ningekwenda kwa Lusajo.

Huko kwa Lusajo ndiko alikokwenda mjane mmoja, Mama Tusekile, na diski yake ameifunga kwenye kitenge. Ilikuwa gemu ya mpira. Marehemu mumewe, Mwalimu Andongwisye, aliupenda mpira kupita kiasi, ila alichukia kumsikia mtangazaji wa gemu akibwabwaja lugha ya watu. Basi akajirekodi mwenyewe nyumbani kwa simu, akitangaza kwa Kiswahili, na rafiki yake akaiingiza sauti hiyo kwenye diski. "Huyo anakwenda, anapiga chenga, jamani, amekosa goli la wazi!" Ndivyo alivyokuwa.

Mwalimu alifariki. Simu yenye sauti yake ikaibiwa. Sauti ikabaki kwenye diski hiyo tu, na diski yenyewe ilishaanza kubanduka. Ukiiinua juani unaona vitundu. Mama Tusekile alitaka kopi kabla mumewe hajamfia mara ya pili.

Lusajo akanakili chapuchapu. "Inacheza, mama!"

Mama akaenda nayo nyumbani, akawasha. Wachezaji wakakimbia, mpira ukatinga wavuni, kimya. Mwalimu hakuwemo.

Akarudi. "Mwanangu, mtangazaji yuko wapi?"

"Mama, mpira si unachezwa? Sauti ni mapambo tu."

Mama Tusekile alikunja kitenge chake, akavuka barabara hadi kwa Fundi Bado.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemleta mume wangu."

Ambakisye akachungulia nyuma yake, hakuona mtu. Mama akafungua kitenge, akamweleza yote.

Siku ya pili mama alipopita, akamsikia Mwalimu tangu mlangoni, anagomba na kipa. Akaweka mkono mdomoni. "Ndiye! Ndiye kabisa! Nipe niende zangu."

"Bado, mama."

"Bado nini tena? Si ndiye huyo anayepiga kelele?"

"Nimesoma mara mbili, na mwishoni zimepishana alama chache."

"Chache kati ya ngapi?"

"Mamilioni."

"Aa, fundi, nawe! Kwa hizo chache unaninyima mume wangu?"

"Mama, namba yako ya simu ina tarakimu kumi. Nikikosea moja tu, nitakupata wewe?"

Mama akafikiri. "Utampata mwingine."

"Haya."

Lakini hasira ilikuwa imempanda. "Kila ukiisoma inazidi kuchakaa. Ikifia mikononi mwako, nitamwambia nini Tusekile, mwanangu?"

"Hilo nalo linanitisha," Ambakisye akasema, na uso wake ulionyesha hivyo. "Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi naichukua, iwe bado isiwe bado."

Siku zilizofuata alikuwa akiifuta ile diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, akijaribu mashine hii na ile. Wapita njia wakamtania. Bado, fundi? Bado.

Jumamosi mama alifika na mwavuli mkononi, amenuna. Ambakisye akasimama.

"Tayari, mama."

Majirani wakapiga makofi. Hata Lusajo akavuka barabara kushuhudia.

"Ila keti kwanza," fundi akasema. "Kwenye diski hizi, sauti zimepangwa kama nyimbo, na kati ya wimbo na wimbo pana mwanya. Gemu haiusomi kabisa, na wengi wakinakili huuruka, wanajua hamna kitu. Zile alama zilizopishana zilikuwa kwenye mwanya wa mwisho."

Akaweka kopi kwenye redio ya CD, akaenda wimbo wa mwisho, akabonyeza kurudi nyuma hadi ndani ya ule mwanya.

Ilianza mikwaruzo, kisha kiti kikalia. Mwalimu alikuwa amemaliza kutangaza akasahau kuzima kinasa sauti, na rafiki yake aliingiza yote bila kukagua. Kwa mbali ikasikika sauti ya mwanamke: "Baba Tusekile! Ugali unapoa!"

Na Mwalimu, karibu kabisa, kwa upole ambao hakuwahi kuwapa makipa: "Nakuja, mke wangu. Zimebaki dakika za majeruhi tu."

Mama Tusekile akacheka kwa nguvu. "Mwongo huyu! Alikuja ugali umeshakuwa jiwe!" Halafu machozi yakamshinda, akayaacha yatiririke.

Mlangoni Lusajo akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo ilikuwemo kwenye diski ile ile niliyonakili mimi?"

"Ilikuwemo," Ambakisye akajibu.

Mama akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Mara ya sita fundi akamuuliza kwa heshima, "Imetosha, mama?"

Mama akafuta macho kwa pindo la kitenge.

"Bado," akasema.

Funzo: Ukikabidhiwa kitu cha mtu ukitunze, kitunze chote, hata pale unapodhani hamna kitu, kwani huenda ndipo alipo mpenzi wake.