Miiba Iliyokataa Kulala

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu! Ngano hii naijua mimi peke yangu, wengine wote wameniibia.

Hapo zamani za kale, fisi alipokuwa bado na haya, alikuwepo Mama Nungunungu na bintiye mmoja, Kidawa.

Mama huyu hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anachungulia.

Siku ya kwanza Kidawa akachelewa kisimani. Moyo wa mama ukanong'ona: "Ameliwa!" Miiba, shwaa! ikasimama. Mtoto kurudi, kumkumbatia mama, akachomwa mkono.

Siku ya pili akabakiza muhogo. Moyo tena: "Anakudharau huyo!" Shwaa! Akachomwa pua.

Siku ya tatu akamwaga maji mbele ya jirani yao, Muhanga mchimba mashimo. "Wanakucheka, hujui kulea!" Shwaa! Akachomwa shavu. Kidawa huyoo, akajitosa katika shimo jembamba la Muhanga.

"Toka! Nahesabu mpaka tatu!"

"Hesabu mpaka mia, mama. Sitoki."

Mara upepo ukaleta harufu ya fisi. Mama akajisukuma shimoni. Akakwama. Akajisukuma tena. Miiba imesimama, mlango mwembamba.

"Laza miiba, Mama Kidawa," akasema Muhanga, naye nje anangoja kuingia.

"Hailali! Moyo unasema ataliwa!"

"Umesema hivyo mara ngapi?"

"Kila siku!"

"Na ameliwa mara ngapi?"

"Hata mara moja," akakiri mama. Akavuta pumzi. Mwiba mmoja ukalala. Akavuta tena, ikalala kumi. Mara ya tatu ikalala yote, akapenya, Muhanga nyuma yake akapita hadi ndani kabisa.

"Mwanangu, nisamehe. Naogopa, halafu nakuchoma wewe."

"Na miiba je?"

"Pima mwenyewe."

Kidawa akagusa kwa kidole kimoja. Akagusa kwa viwili. Akaegemea.

Hapo ndipo fisi akaingiza pua. "Nasikia harufu ya chakula changu!"

Mama akageuza mgongo mlangoni. Shwaa!

"Yalaa! Pua yangu!" Fisi akatimua mbio, na miiba minne puani. Niliihesabu mwenyewe, nikiwa juu ya kichuguu.

Basi, wazazi wenzangu, moyo husema mengi. Uulizeni kwanza kabla ya kusimamisha miiba. Miiba ni ya fisi. Mtoto muombeni radhi, hamtapungua kimo.

Ngano yangu imeingia shimoni. Asiyeniamini akamuulize fisi, kama bado ana pua.