Mfalme Mbuni na Punje ya Kwanza

Kabla sijawaita, nina la kuungama. Nilipokuwa kijana, kwenye maulidi moja kijijini kwetu, nilitia mkono kwenye sinia la pilau kabla shehe hajanawa. Nikachukua mnofu mkubwa. Mjomba akaniona, akanifukuza na kiatu, na watu wazima wakaanza kugombana nani aliyenilea vibaya. Pilau likapoa. Mwenyezi Mungu anisamehe, na shehe pia, maana sikumwomba radhi mpaka akafariki. Basi sikilizeni.

Paukwa!

Pakawa.

Wale wa huko nyuma, mnaotafuna, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nchi ya wanyama. Si ya kale sana, maana walikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa na mhuri. Lakini mfalme pia walikuwa naye. Mfalme mwenyewe Mbuni. Ndege asiyeruka. Baba yake hakuruka, babu yake hakuruka. Wote walitawala.

Kazi ya Mbuni ilikuwa moja tu. Kila karamu, sinia likitandikwa, hakuna anayekula mpaka mfalme atie mdomo. Anadonoa punje moja, do! Anasema, "Bismillahi, kuleni." Wanakula.

Siku moja Ngiri, ndiye mwenyekiti, akaitisha baraza.

"Jamani, huyu mzee anatufanyia nini?"

"Anadonoa," akasema Punda.

"Kudonoa nani hawezi?"

Wakacheka, kwa kwa kwa. Wakakata shauri: ufalme basi. Mbuni aihame nyumba yake ya kilimani kabla mwezi haujaandama, iwe ofisi ya mwenyekiti.

Mbuni akaipokea barua ya baraza, ina mhuri. Mkewe alikuwa amelalia mayai kumi na mawili.

"Baba Mayai, tutahamia wapi? Mayai haya hayabebeki."

"Sijui, mke wangu."

"Unajua kazi gani nyingine?"

Mbuni akafikiri. Akafikiri tena. "Kudonoa," akasema.

Mkewe akageukia upande wa pili.

Ikaja karamu ya mavuno. Sinia likatandikwa, wali wa nazi unafuka moshi. Ngiri akanyoosha mkono.

"We, we," akasema Nyati. "Kwani wewe nani?"

"Mwenyekiti."

"Kwa kura tatu, na mbili za shemeji zako. Rudisha mkono."

"Mkubwa hapa ni mimi," akasema Kiboko.

"Mkubwa wa tumbo," akasema Punda. "Mchele nimeubeba mimi, kwa mgongo huu."

Nyati akampiga Ngiri kikumbo, pu! Ngiri akamng'ata Kiboko, nya! Wakavutana mpaka jua likakaa utosini. Siafu wakaja, chwi chwi chwi, wakala wali wote. Hawakumngoja mtu.

Karamu ya pili, arusi ya Swala: pu, nya, chwi chwi chwi. Ya tatu, akika ya mtoto wa Punda: pu, nya, chwi chwi chwi. Watoto wakashinda na njaa. Siafu wakanenepa.

Zikabaki siku mbili mwezi uandame. Mbuni yumo katika kufunga mkeka wake, akamwona Ngiri anapanda kilima, jicho limevimba.

"Mzee," akasema Ngiri, akitazama chini, "tuna kazi kidogo."

"Kazi?" Mbuni akashtuka. "Mimi?"

"Ya kudonoa."

"Si mlisema kila mtu anaweza?"

Ngiri akakohoa. "Kila mtu anaweza. Ndiyo taabu yenyewe."

"Mwulize habari ya nyumba," akasema mkewe kutoka juu ya mayai.

"Nyumba kaeni."

"Na kutoa amri?" akauliza Mbuni.

"Amri hakuna."

"Na mwavuli wa kifalme?"

"Mwavuli utapewa. Twende, mzee, wali unapoa."

Akashuka. Akafika kwenye sinia, shingo imenyooka. Alidhani watamcheka. Akatazama huku na huku: hakuna aliyemtazama. Nyati anautazama mkono wa Ngiri. Ngiri anautazama mkono wa Kiboko. Kiboko anautazama wa Punda. Ndipo Mbuni akaelewa jambo ambalo baba yake hakumwambia. Hawakumtaka yeye. Ila hawakutakana wao kwa wao.

Akadonoa, do! "Bismillahi, kuleni."

Wakala, mpaka siafu wakarudi kwao mikono mitupu. Mbuni akainama adonoe punje ya pili.

"Basi, Mtukufu," akasema Nyati, mdomo umejaa. "Imetosha."

Akarudi kilimani chini ya mwavuli, tumbo halina kitu, nyumba anayo. Mayai yakaanguliwa: watoto kumi na wawili, na hata mmoja haruki.

Hadithi yangu imefika kwake, imeketi. Funzo lake ni hili: wafalme wa siku hizi hawakai vitini kwa nguvu zao. Wanakaa kwa sababu sisi hatuvumilii kumwona jirani ametangulia. Nami wa kwanza katika ugonjwa huo.

Basi nawaomba. Leo sinia likija, kila mmoja ampishe aliye karibu naye aanze. Na mnofu mkubwa msinipe mimi.