Kompyuta Iliyofuata Zamu

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, maana umeme ulikuwepo na kukatika ulikuwa unakatika, paliishi mtu mmoja pale Ngamiani, Tanga, akiitwa Mzee Kilua. Kazi yake ilikuwa kuuza vitunguu, na wake alikuwa nao wawili. Sogeeni karibu. Hadithi hii ina wivu mwingi, na mimi sina nia ya kuupunguza ili ninyi mlale vizuri.

Mke mkubwa aliitwa Bi Mwanakombo, mke mdogo Bi Nuru. Nyumba zao zilitazamana, barabara ya mchanga katikati. Mzee Kilua alikuwa na mizani sokoni na mizani nyumbani. Akinunua doti ya kanga kwa huyu, ananunua na kwa yule, bei ile ile. Akipeleka samaki changu huku, anapeleka changu kule, na wake zake wanatoka barazani kupima mikia kwa macho. Usiku wake nao aliugawa kwa zamu, na mswaki wake aliuhamisha kwenye mkoba kutoka mlango mmoja kwenda mlango wa pili.

Kila mke alikuwa na binti. Bi Mwanakombo alimzaa Mwantumu, aliyekuwa chuoni akisomea uchoraji wa nakshi za vitambaa. Bi Nuru alimzaa Salha, aliyesomea ualimu. Walipishana miezi tu. Siku moja wote wawili wakamwendea baba yao na neno moja: "Baba, bila kompyuta mpakato masomo hayaendi."

Mzee Kilua akawachukua mpaka dukani. Muuzaji akawauliza masomo yao, akasema, "Huyu mwalimu nyepesi hii inamtosha, ataandika na kusoma. Lakini huyu mchoraji anataka yenye nguvu, yenye kumbukumbu kubwa na kioo kisichodanganya rangi. Ukimpa nyepesi, akifungua mchoro mmoja itaganda."

"Hapana," akasema Mzee Kilua. "Ama zifanane, ama nirudi na vitunguu vyangu. Nikipeleka nzito nyumba hii na nyepesi nyumba ile, nitakwenda kulala wapi mimi?"

Akiba yake ilitosha mbili dhaifu zinazofanana, au moja imara. Akanyoosha mkono kwenye zile dhaifu. Mwantumu akaanza kulia palepale dukani, maana alijua ile itamfikisha wapi. Ndipo Salha akasema, "Baba, chukua moja imara. Tutaitumia sote."

Alisema mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Mwantumu akafuta machozi na kuanza kuchagua. Muuzaji akamletea nyembamba inayong'aa, naye akavua kanga yake ya mabegani, akaiweka kando ya kioo. "Nyekundu yangu imekuwa chungwa humu," akasema, akairudisha. Akaletewa nyingine. Akafungua mchoro mkubwa, akaiacha iwake mpaka muuzaji akachoka, kisha akaipapasa chini, tumboni mwake. Ilichemka kama pasi, akairudisha. Mwisho akachagua moja nyeusi, nene, haina urembo wowote, yenye vitufe vinavyobonyea vizuri na betri ambayo fundi yeyote angeweza kuibadilisha. Alifurahi mpaka akasahau kumwambia mdogo wake asante. Salha alingoja neno hilo njia nzima mpaka nyumbani.

Sasa kosa. Mzee Kilua, na mizani yake kichwani, akatoa hukumu: "Kompyuta italala ninapolala mimi." Akaitia mkobani pamoja na mswaki. Zamu ikiwa kwa Bi Mwanakombo, Mwantumu anachora. Zamu ikihamia kwa Bi Nuru, Salha anaandika. Na mwiko ulikuwepo: Bi Mwanakombo alikwisha kumwambia bintiye, "Wewe kwa mke mwenzangu hukanyagi hata ukiona nyumba inaungua."

Wakaenda hivyo, wakizoea. Kisha kiwanda kimoja cha kanga huko Dar es Salaam kikatangaza kwamba kinatafuta kanga mpya. Atakayeshinda ataitwa kiwandani kuchora kwa msimu mzima. Mwantumu akaanza. Akachora pindo la mikorosho, akachora mji wa kanga, yaani pale katikati, ua moja kubwa lililofunguka. Lakini kila rangi zikianza kukaa sawa, baba yake anabeba mkoba na kuvuka barabara.

Siku zikamwishia. Akaenda kusimama nje ya nyumba ya Bi Nuru, miguu mchangani, hakugusa kizingiti. "Mama mdogo," akaita, "nisaidie. Mchoro hautaisha."

Bi Nuru akatoka na upawa mkononi. Akamtazama. Kompyuta haiendi bila mzee, na mzee haendi nje ya zamu. Njia ilikuwa moja tu, nayo mke anaruhusiwa: kumwachia mwenzake zamu yake. Bi Nuru akasema, "Haya. Mwambie baba yako abaki huko mpaka umalize."

Ninyi mnaocheka, hamjawahi kuwa na mke mwenza. Ngojeni yawakute.

Mzee Kilua akabaki kwa Bi Mwanakombo, usiku kwa usiku. Na Bi Mwanakombo, badala ya kushukuru, akanunua udi. Akaufukiza mpaka moshi ukavuka barabara. Kwenye harusi ya jirani akasimama katikati ya wanawake, akajishika kiuno, akasema, "Mwanamume akichoka kuzunguka, hurudi kwa mwenyewe." Wanawake wakapiga vigelegele. Mwantumu alikuwepo, alijua ukweli wote, akainamia sahani yake ya pilau. Bi Nuru akarudi nyumbani, akajifungia chumbani, na Salha akamsikia analia. Hapo ndipo wivu wa mama ukahamia kwa mtoto, na kwa mtoto ukawa mkali zaidi.

Mchoro ukaisha. Yakabaki maneno tu, kwa sababu kanga bila jina ni kitambaa cha meza. Asubuhi ya siku ya mwisho mkoba ukavuka barabara kurudi kwa Bi Nuru, na Mwantumu alikuwa na mtihani mpaka jioni. Akatuma ujumbe kwa simu: "Salha, niandikie jina 'Asante Mama', kisha itume kabla ya saa kumi."

Salha akafungua kompyuta. Akaliona lile ua, likampendeza, na kupendezwa kwenyewe kukamchoma. Asante Mama! Mama yupi? Akaweka vidole kwenye vitufe, akaandika jina alilolitunga mwenyewe: NJIA NIMEKUPISHA, ASANTE HUJANIPA. Akatuma.

Kanga ile ikashinda. Mtu wa kiwandani akampigia Mwantumu simu na kusema, "Mchoro ni mzuri, lakini michoro mizuri tulikuwa nayo. Akina Asante Mama walijaa mezani. Hili jina ndilo lililotumaliza. Wanawake watalipigania sokoni." Kisha akaongeza, "Mchoraji apande basi kesho. Aje na kompyuta yake, hapa hatuna ya kumpa."

Mwantumu akaruka kwa furaha, kisha akatumiwa picha kwa simu, akaliona jina la kanga yake. Akavuka barabara, mwiko ukavunjika, akaingia mpaka ukumbini. Mama yake akamfuata mbio. Mzee Kilua alikuwa anakula. Wote wakakutana pale, na kompyuta mezani katikati ya mabakuli.

"Kompyuta ni yangu," akasema Mwantumu. "Niliichagua mimi. Kama si mimi, mngeleta ile inayong'aa, nayo ingekufa zamani. Mchoro ni wangu, aliyeitwa kiwandani ni mimi. Nisipokwenda nayo kesho, watamwita mwingine. Na wewe Salha, nilikutuma neno la heshima, ukaniandikia kijembe mgongoni kwangu!"

"Na kijembe kimekushindia," akasema Salha. "Kompyuta ni yangu. Siku ile dukani baba alikuwa ananunua mbili, na moja ilikuwa yangu. Nikakuachia. Tasnifu yangu inatakiwa mwezi ujao, nusu iko humo na nusu iko kichwani. Ukiondoka nayo, mimi narudia mwaka. Ndiyo, niliandika kwa wivu. Nina wivu, dada. Kila kitu chako kinashangiliwa, changu kinaombwa kisogee. Lakini je, ungeshinda kwa Asante Mama yako?"

"Mwacheni mwanangu apande basi," akadakia Bi Mwanakombo. "Mwenye wivu ajinyonge."

Hapo Bi Nuru akainuka. Hakupaza sauti. "Kompyuta ni yangu mimi," akasema.

Wote wakamgeukia. Salha akasema, "Mama, unanidai mimi haki yangu?"

"Sikudai wewe, mwanangu. Nadai changu mimi. Huyu alichora kwa usiku wangu. Rangi zile zilikaa sawa wakati mimi nageuka peke yangu kitandani nikinusa udi wa watu. Mwenye kutoa zamu nani hapa zaidi yangu? Na wewe maneno yako uliyatoa wapi, kama si katika machozi yangu uliyoyasikiliza mlangoni? Mimi sijui kuchora, wala sina tasnifu. Nitaifunga kwa kitambaa, niiweke juu ya kabati. Nataka nione kitu kimoja nilichokiachia kikirudi kwangu."

Hata Bi Mwanakombo, na mdomo wake ule, alitazama chini.

"Baba, basi linaondoka asubuhi," akasema Mwantumu.

"Baba, tasnifu," akasema Salha.

"Mume wangu," akasema Bi Nuru.

Mzee Kilua akanawa mikono. Safari hii hapakuwa na cha kugawa. Hawezi kumpa huyu nusu na yule nusu, hawezi kununua nyingine, na hawezi kupanda basi aifuate kompyuta Dar es Salaam na mswaki wake. Akaitia mkobani, akatoka nje, akasimama katikati ya barabara ya mchanga. Nyuma yake wanawake wanne wamejaa mlangoni, kila mmoja anangoja kuona atageukia wapi.

Mimi nimemwacha hapo, maana kila nikimsogeza upande mmoja roho inanisuta kwa upande wa pili. Mmoja aliichagua na akachora. Mmoja aliiachia, na kwa wivu wake akaandika neno lililoshinda. Mmoja alitoa usiku wake, akachekwa harusini. Haya, ninyi mnaojua kuhukumu nyumba za watu: mkoba huo mzee amkabidhi nani, na hao wawili watakaobaki mikono mitupu, atawatazama kwa macho gani?