Mabaragumu Yaliyokatwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika wote kwa mpigo, hata sijui nani kasema nini? Haya, tulieni, sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya vilima vingi, palikuwa na mkunga mmoja tu, jina lake Nakijwa. Kila kilima kilikuwa na baragumu lake, pembe ya kupulizia habari. Mwanamke akishikwa na uchungu, baragumu lililia: "Mkunga njoo! Mkunga njoo! Mkunga njoo!" Nakijwa akabeba mkoba wake, akaenda.

Lakini watu wale kwa kupenda sifa, jamani! Kila kilima kilitaka kusikika nchi nzima. Huyu akarefusha pembe, yule akarefusha, wa tatu akaunga pembe mbili kwa nta. Mwishowe mabaragumu yote yakawa na sauti moja nene, na yote yakasikika kila mahali. Sasa anayeita ni nani?

Siku moja yalilia kwa pamoja, mengine yakiita watu ngomani tu. Nakijwa akakimbilia kilima cha kwanza, akakuta watu wanacheza. Akakimbilia cha pili, akakuta wanakula. Akakimbilia cha tatu, akakuta wanalia. Mtoto alikuwa amezaliwa bila kupumua, na hapakuwa na wa kumsaidia.

Nakijwa aliumia sana. Tena aliogopa, kwa kuwa binti yake Nanzia alikuwa na mimba kubwa huko kilima cha mbali, kwa mumewe Kiangi, mpuliza baragumu. Nanzia akiita, atajuaje?

Akaketi kando ya madimbwi apumzishe miguu. Vyura walikuwa wakiimba.

"We chura, makelele yote haya, mkeo anakusikiaje?"

"Mama, mimi siimbii nchi nzima," chura akacheka. "Naimbia dimbwi langu. Nina sauti nene, jirani huyu ana nyembamba, yule ana ya kati. Hatugongani."

"Na yule kule mbali? Mbona sauti yake nene kama yako?"

"Aimbe tu! Yake haifiki kwangu, yangu haifiki kwake. Sauti tatu zinatutosha madimbwi yote."

"Na mkeo akirukia dimbwi la jirani?"

"Jirani humpokea, akanipasha habari. Mimi hunyamaza."

Nakijwa akaenda moja kwa moja kwa Kiangi. Katika nchi ile mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Huzungumza wamepeana mgongo. Siku hiyo Nakijwa aligeuka, akamtazama usoni.

"Baba, likate baragumu lako."

Kiangi akainamisha macho kwa haya. "Mama! Tukilikata nani atatusikia?"

"Jirani zako. Nao watawaambia jirani zao."

"Na wasipowaambia?"

"Basi mimi na wewe tutamzika Nanzia."

Kiangi akachukua kisu akaanza kukata, machozi yanamtoka.

Nakijwa akazunguka vilimani. Kilima cha kwanza kilikataa, cha pili kilikataa. Kwenye kilima cha tatu yule mama aliyefiwa alitoka ndani, akalikata baragumu kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo nani tena angekataa? Wakapatana kuyakata kwa urefu tofauti: vilima vinavyopakana visiwe na sauti moja, vya mbali vinaweza kufanana. Na popote mkunga alipoingia, kilima kile kiliwaambia jirani, "Yuko kwetu!" na alikotoka kukanyamaza.

Uchungu ukamshika Nanzia, mama yake yuko upande wa pili wa nchi. Kiangi akapuliza kwa sauti nyembamba, roho mkononi. Jirani akapokea kwa ya kati, wa mbele yake akapokea kwa nene, hivyo hivyo, hivyo hivyo, hivyo hivyo, mpaka alipo Nakijwa: "Mkunga njoo, kwa Nanzia!" Akakimbia, na kila kilima alichoingia kilimpokea na kumwonyesha njia ya mkato.

Alifika mtoto anatoka, kitovu kimemzunguka shingoni. Akakizungusha polepole, akakitoa. Kimya. Akamsugua mgongo. Kimya. Akampulizia puani.

Mtoto akalia. Kilio chenyewe kidogo, hakikuvuka hata ua. Lakini Kiangi, aliyeketi nje mlangoni, alikisikia.

Nami hadithi yangu naikomesha hapo, kwa sauti ya chini, mtoto asiamke.