Mtungi wa Bi Pimbi

"Toka hapa! Mtungi huo si wangu!"

"Ni wako, Bwana Kiboko! Uliniuzia jana!"

"Nani alituona?"

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na maduka na majiko yao, ndivyo walivyogombana sokoni Kiboko mfinyanzi na Bi Pimbi, mjane mdogo aliyeishi peke yake juu majabalini. Kilikuwa kiangazi. Huko juu hakuna kisima, na Pimbi hakuwa na wa kumtuma maji. Bila mtungi mzima angelazimika kuihama nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Na huu ulivuja njia nzima, chururu, chururu, akafika nao mtupu!

Akaenda barazani kwa Mzee Tembo.

"Sheria ipo, mwanangu," Tembo akasema. "Kitu kibovu hurudishwa, na muuzaji hutoa kizima. Ila lete shahidi aliyekuona ukinunua."

"Sina, mzee. Nilikwenda peke yangu."

"Hata jirani?"

"Jirani yangu ni upepo."

Tembo akatikisa masikio. "Basi sheria imeishia hapo."

Pimbi akaketi nje, amepakata mtungi. Watu walipita, hakuna aliyemwuliza ana nini. Akapapasa kitako cha mtungi. Kando ya tundu vidole vikagusa donge laini. Akalibandua, akalifumba kiganjani, akarudi mbio sokoni.

"Jamani! Kwenye mtungi huu nimekuta kitu ambacho sikukilipia! Mwenyewe aje akichukue!"

Tifu, tifu, tifu! Kiboko huyo, vumbi linatimka. "Changu hicho!"

"Pole, bwana. Si umesema mtungi si wako?"

"Nani kasema? Nimeufinyanga kwa mikono hii! Nilikuuzia jana asubuhi!"

"Mh! Kila mtu atasema hivyo. Taja alama."

"Kitakoni pana tundu! Nililiziba kwa nta mwenyewe, nikapaka masizi lisionekane! Haya, nipe changu!"

Soko zima likamgeukia. Hata Tembo alikuwa ameshatoka barazani, masikio wazi.

Pimbi akafumbua kiganja. "Nta yako hii hapa, bwana."

"Kwa-kwa-kwa!" Kima akacheka mpaka akaanguka kutoka mtini, puu! Tembo akamwamuru Kiboko atoe mtungi mzima, nao ukajazwa maji mbele ya wote. Haukutoa hata tone.

Kisha watu wakatawanyika wawili wawili, wakisimuliana na kucheka. Pimbi hakuwa na wa kumsimulia. Akajitwika mtungi wake. Alipopita barazani, Tembo alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeona, mwanangu? Sheria imekulinda."

"Kilichonilinda ni tamaa ya Kiboko, mzee," Pimbi akamjibu. "Sheria inayodai shahidi humwacha nje aishiye peke yake."