Ukuta Wenye Tumbo

Kitendawili. Ana mimba mwaka hadi mwaka, na siku akijifungua kijiji kizima hulia. Nani huyo?

Mmeshindwa, nipeni mji. Mnanipa Mwanza? Kumbe hamna choyo, wajukuu zangu. Haya, nimekwenda Mwanza, nimekula sato mzima na kichwa chake, nimerudi. Ni ukuta wenye tumbo, ule uliofura ukawa unangoja siku yake.

Nimeanza na huo kwa sababu mmeniuliza maneno aliyoyasema mama yenu asubuhi yametoka wapi: "Asimoingia wako, usimtie wa mwenzio." Methali hii ilizaliwa hapahapa Mwandulu, na ilianza na ukuta wa namna hiyo.

Shule yetu ilikuwa imefurika. Darasa la kwanza na la pili walisoma chumba kimoja, wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Siku moja radi ikapiga, watoto wakakimbilia mlango wote kwa pamoja. Holo, binti wa Milembe, akakanyagwa mkono ukavunjika. Tangu hapo, kila wingu lilipojikusanya, sisi wazazi tuliacha tulichokuwa tukifanya tukatazama upande wa shule.

Mwalimu mkuu, Semboja, akaenda wilayani kuomba chumba kipya. Akarudi na jibu kwamba bajeti ya mwaka ule haina nafasi, tujitegemee. Ndipo yeye na mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Nkwabi, walipokumbuka ghala la pamba lililoachwa na chama cha ushirika. Bati zima, mlango mpana. Ila ukuta wake wa magharibi ulikuwa na tumbo. Wakaupaka chokaa. Ukapendeza, na tumbo likabaki palepale.

Kikao cha wazazi kikaitishwa humohumo ghalani, tujionee wenyewe. Mwalimu akaeleza vizuri, maneno yamepangika. Alipomaliza, Milembe akasimama.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mzee Nkwabi. Nina neno dogo tu. Hebu tazameni tulivyokaa."

Tukatazamana. Hakuna aliyetupanga, lakini wote, wanaume kwa wanawake, tulikuwa tumesongamana upande wa mashariki, bega kwa bega. Upande wa magharibi palikuwa peupe kabisa, hata ng'ombe angelala akajigeuza.

"Mama Holo, usitutie hofu," akasema Mwalimu Semboja. "Fundi wa wilaya atakuja kuukagua."

"Lini?"

"Bajeti ikiruhusu."

Mtu mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza.

"Basi nimuulize mwenyekiti," Milembe akasema. "Mzee, mjukuu wako Nyanzobe anasoma na Holo wangu. Yeye atakaa upande gani?"

Mzee Nkwabi alikohoa, akaitazama fimbo yake. Mwalimu akaomba wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ikanyooshwa, kwa maana mvua ilikuwa karibu na kule darasani watoto wangekanyagana tena. Hofu moja ilisukuma nyingine. Milembe akaketi, akamfunika Holo kwa kanga, ingawa hapakuwa na baridi.

Sasa ninyi mmekulia mjini, hamjui desturi yetu. Hapa kwetu nyumba mpya haiingiwi ovyo. Mtoto wa mwenye nyumba hutangulia, na kata ya maji mkononi, ayamwage katikati ya chumba, ndipo wengine wafuate. Ghala lile halikuwa na mwenyewe, basi wazee wakaamua kwamba mwenye nyumba ni mwenyekiti, na mjukuu wake ndiye atakayetangulia.

Jumatatu tukakusanyika mlangoni na watoto wetu. Wingu lilikuwa jeusi upande wa ziwani. Nyanzobe akapewa kata ya maji, na babu yake akamshika mkono wakasogea hadi kizingitini.

Tukawa kimya. Na katika ule ukimya tukasikia mle ndani kitu kama panya anayetafuna mahindi. Hakuwa panya. Ni mchanga uliokuwa ukidondoka nyuma ya chokaa, kidogo kidogo, unaacha, unaanza tena.

"Babu, niyamwage wapi?" Nyanzobe akauliza.

Radi ikanguruma mbali. Mtoto akainua mguu ili avuke. Mkono wa babu yake ukamvuta nyuma kwa nguvu, kata ikaanguka, maji yote yakamwagika miguuni mwao, huku nje. Nadhani mkono uliamua kabla yake mwenyewe, maana nilimwona anautazama kama si wake.

"Mzee, watu wanangoja," Mwalimu Semboja akanong'ona. "Tukiwakosesha hapa, hawa watoto tutawaweka wapi?"

"Sebuleni kwangu. Mimi na viti vyangu tutahamia barazani."

Kisha akageuka, akapitisha macho kwa wazazi mmoja mmoja mpaka akampata Milembe, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na Holo mgongoni.

"Mama Holo, uliniuliza mbele za watu nikanyamaza. Nitakujibu mbele za watu. Mjukuu wangu hatakaa upande wowote humo. Na asimoingia wako, usimtie wa mwenzio."